Chumvi ya Futari Yako

Jirani yangu Maman Yusufu,

Asalaam aleikum. Najua nimeisema vibaya. Hata ulipokuwa hai ulinirekebisha kila asubuhi, na kila asubuhi nikarudia kosa lilelile, mpaka ukachoka ukasema basi, Mungu anasikia hata Mashi, lugha ya kwetu.

Nakuandikia jikoni kwangu. Magunia ya vitunguu vya kupeleka Bukavu kesho yako nyuma yangu, na mume wangu Papa Noela amepita hapa akauliza barua ndefu hivi ni ya nani. Nimemwambia ni ya jirani. Akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akanisogezea taa, akatoka.

Nina habari ya kukupa na ni habari nzuri. Lakini nikianzia mwisho utaniambia kama ulivyokuwa ukiniambia nikikuletea umbea: "Maman Noela, umeacha mlango umeingilia dirishani. Rudi nyuma." Haya, narudi nyuma.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi. Nimevuka daraja la mpaka kutoka Bukavu na mabegi mawili na kiburi cha watoto wa mtaa wa Kadutu, sijui mtu hapa Kamembe, upande wa Rwanda, zaidi ya mume wangu, na hata yeye nilikuwa bado namsoma. Alasiri moja niko uani nafua, nikasikia sauti ukutani.

"We jirani mupya! Leo umekula?"

Kwetu mtu akikuuliza kama umekula, anataka kukukaribisha. Nikajibu kwa adabu, "Nimekula, Maman, asante."

"Alhamdulillah! Basi leta ulimi!"

Mungu wangu, nikasema, nimeangukia jirani mwenye wazimu. Pale ukutani matofali mawili yalikuwa yameanguka, na kwenye lile tundu ukatokea mkono, na mkononi kijiko cha mchuzi unaotoa mvuke. "Onja. Mimi nimefunga. Chumvi iko ao haiko?"

Nikaonja. Nikasema iko sawa, maana mgeni hasemi chakula cha mwenyeji kina kasoro. Mkono haukuondoka tunduni.

"Ukweli wa Mungu?"

"Bon... Maman, chumvi haiko kabisa."

Ukacheka mpaka kijiko kikatetemeka. "Njo vile! Batu banakuya kufuturu, weye unataka nibape maji ya kuoshea sahani?"

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Sikuwa nimeuona uso wako bado. Nilikuwa nimeuona mkono wako, na pete ya fedha kwenye kidole cha shahada, na nilikuwa nimeshapewa kazi.

Baadaye, tulipokuwa tumezoeana, nilikuuliza kwa nini usionje mwenyewe kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa sababu mwanao Yusufu alisema shehe anamruhusu mpishi. Ukanijibu, "Shehe hanijui. Mimi nikionja namezaka." Nikacheka siku nzima. Hata juu ya daraja, na beseni la nyanya kichwani, nilikuwa nacheka peke yangu na watu wakanipisha njia.

Basi miaka yote ile, kila Ramadhani, jua likianza kulegea, nilikuwa nasubiri. Nikitoka Bukavu nilikuwa naharakisha. Wenzangu wa sokoni walikuwa wananisema, huyu ana mume mkali, lazima awahi. Mume gani? Nilikuwa nawahi sauti yako. "Maman Noela! Leta ulimi!" Nami nilikuwa naacha kila kitu. Noela niliacha kumnyonyesha mara ngapi ili nije kuonja uji wako wa ulezi! Alikuwa analia upande huu, nawe unamjibu upande ule, "Mutoto, vumilia, mama yako iko kazini."

Na mkeka wako, Maman Yusufu. Ule mkubwa, uliokuwa unautandika mbele ya nyumba mpaka karibu na barabara, watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wakalazimika kuupita kwa kupinda. Mtu akipita wakati wa adhana ulikuwa unamwita hata kama hujui jina lake. "Weye wa kofia! Simama! Unaenda wapi na tumbo tupu?" Yule wa kofia anasema yeye si Mwislamu. "Nimekuuliza dini? Nimekuuliza tumbo." Anakaa. Kesho yake anakuja na mwenzake. Kulikuwa na wachuuzi wa Bukavu waliochelewa kuvuka mpaka, kulikuwa na wavuvi wa Nkanka, kulikuwa na Mzee Silvestri, katekista wa parokia yetu, aliyekuwa akikaa pembeni kabisa kwa heshima na kula kuliko wote. Kulikuwa na Nesi Dorika, Msabato, anayeuliza kila sahani imepikwa na nini. Na wote hao, waliofunga na wasiofunga, walikuwa wanasubiri adhana pamoja, mikono magotini. Hakuna aliyewaamuru. Nani angethubutu kutafuna mbele ya macho yako?

Papa Noela ndiye aliyekuwa mtihani. Jumapili zake za nyama ya nguruwe unazikumbuka. Anawasha mkaa uani, upepo unatoka ziwani, moshi wote unavuka ukuta. Nilikuwa naona aibu ya kufa. Wewe ukasimama tunduni ukasema, "Papa Noela, upepo umeniletea zambi zako. Zipokee, zako hizi." Tangu siku hiyo wakati wa Ramadhani alikuwa anaenda kuchoma kwa kaka yake, kule juu, mbali. Wewe hukumwomba. Na Idi ilipofika ulimpelekea paja la mbuzi peke yake, sahani nzima, mimi sikupewa hata mfupa.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile Ijumaa ya pilau.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima vilikuwa vimekutana. Wewe ulikuwa umefunga, sisi tumejinyima. Ulinunua nyama nzuri ya ng'ombe, ukapika pilau tangu mchana, harufu ikafika kwenye stendi. Ukaniita. "Leta ulimi!" Nikaja tunduni nikaona kijiko kimejaa supu ya nyama. Ni Ijumaa ya Kwaresima, na mimi ni mtoto wa parokia.

"Leo siwezi, Maman."

"Unaumwa?"

"Hapana, ni Kwaresima tu. Nimejinyima kidogo."

Hilo la nyama sikulitaja. Niliona haya. Umepika kwa ajili yetu, umeungua na moto na kiu, nikuambie nini? Nikadhani utapata mtu mwingine wa kuonja. Ukampata. Ukampata Papa Noela!

Mume wangu Kwaresima yake inaanza Jumapili asubuhi na kuisha Jumapili hiyohiyo jioni. Akaja tunduni anatembea kama waziri. Wewe ukamhoji kwanza: "Leo umekula nini?"

"Maharage."

"Ukweli wa Mungu?"

"Ukweli wa Mungu."

"Sukutua kinywa hata hivyo."

Akasukutua. Akaonja. "Bado." Ukaongeza chumvi. "Bado, Maman, chumvi haijakolea." Ukaongeza. "Muntu amefunga siku nzima, anataka chumvi ya kumuamsha. Tia tena." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake namvuta shati, na yeye anaona namwonea wivu wa cheo. Mtu huyu kwangu anatia chumvi kabla ya kuonja, Maman Yusufu, hata ndizi mbivu angezitia chumvi.

Adhana ikaita. Tende, maji, uji, kila kitu kizuri. Ikaja pilau. Yusufu akatia kijiko kimoja mdomoni, akasimama taratibu, akaenda kutafuta maji. Kijana mmoja wa moto akauliza kwa upole, "Maman, huu mchele ni wa Bugarama ao ni wa baharini?" Watu wakaanza kucheka. Wewe hukucheka, kwa sababu ulikuwa unaangalia upande wetu. Mzee Silvestri, mimi, wachuuzi wawili wanawake wa Bukavu, sahani zetu zilikuwa zimejaa na hakuna aliyegusa.

"Hata nyinyi chumvi imewashinda?"

"Hatujaonja, Maman," Mzee Silvestri akasema.

"Hamujaonja?" Sauti yako ikashuka. "Munaogopa nyama yangu? Kwa sababu imechinjwa na Mwislamu?"

Nilikuona, Maman Yusufu. Wewe uliyeita kila mpita njia, ulifikiri miaka yote hiyo tulikuwa tunakula kwako kwa kinywa tu na moyoni tunakukataa. Ni Mzee Silvestri aliyesema, naye ameshika sahani kwa mikono miwili kama sadaka.

"Maman, leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Sisi hatuli nyama. Tuliona haya kukuambia."

Ukanigeukia mimi. "Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Unanielezaka habari za ndoa za watu wa Bukavu wote, habari ya bei ya nyanya, habari ya mguu wa shangazi yako, hii moja tu ndiyo ukaona ya kuficha!" Halafu ukaanza. Kicheko kilianzia tumboni, ukajishika mbavu, ukaniegemea bega, ukalia machozi, na mkeka wote ukalipuka. Wakristo hawawezi kula kwa sababu ya nyama, Waislamu hawawezi kula kwa sababu ya chumvi, na Papa Noela katikati anakula peke yake, sahani ya pili, anauliza watu wanacheka nini.

Ulituletea ndizi na mabaki ya sombe, kisamvu kile cha daku. Na kuanzia hapo, kila Ramadhani iliyokutana na Kwaresima, Ijumaa kwako ilikuwa siku ya sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ulikuwa unawatuma wauza samaki wa Nkanka mapema, "Za Wakristo wangu hizo, musiniletee zilizolala." Nesi Dorika naye akafurahi, na kwa sababu Sabato yake inaingia jua likizama Ijumaa, alikuwa anapika viazi vyake mapema na kuvileta vimefunikwa, ili mikono yake ipumzike kabla ya adhana. Adhana inaita, wewe unasema Bismillahi, Mzee Silvestri anapiga ishara ya msalaba, Dorika anasema Sabato njema, na sambaza zinaanza kupungua. Nimevuka mpaka huu nikiwa msichana na nikiwa mama, nimekula harusi za matajiri, sijawahi kukaa mahali nikafurahi hivyo.

Halafu ukaugua. Daktari akakukataza chumvi. Wewe! Nilikuwa nakuletea supu ya kuku kupitia mlangoni kama mtu mgeni, kwa sababu hukuweza kufika ukutani. Siku moja ulionja kijiko kimoja ukafumba macho.

"Haiko chumvi."

"Daktari amekataza, Maman."

"Najua. Lakini ukweli wa Mungu, haiko." Na ukaumaliza mchuzi wote, ukanishika mkono kwa ule mkono wenye pete. "Yusufu anaoa mutoto wa Bugarama. Anaitwa Mariamu. Ana haya nyingi. Umuangalilie."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza ulituacha. Siku hiyo siielezi. Nitasema tu kwamba wanawake wa parokia walipika, Wasabato wakateka maji, na barabara ya mbele ya nyumba yako ilijaa watu ambao wewe uliwaita "wa kofia".

Sasa nifike kwenye habari.

Mariamu ni binti mzuri, kweli ana haya. Akinisalimia anapiga goti, anaangalia chini, "Shikamoo Maman," anapotea ndani. Tangu aolewe, miezi yote ile, sikuwahi kusikia sauti yake ikizidi ya kifaranga. Nikajisemea, Ramadhani itatukutanisha. Kwaresima nayo ilikuwa imekuja pamoja. Siku ya kwanza nikarudi mapema kutoka Bukavu, nikakaa uani na kisu na karoti, mgongo ukutani. Jua likalegea. Nikasikia sufuria, nikasikia mwiko. Adhana ikaita. Nikasikia wanakula ndani, wawili, kimya kimya. Mkeka haukutandikwa.

Siku ya pili hivyohivyo, na zilizofuata. Mzee Silvestri alipita mara moja, taratibu, akiangalia pale mbele ya nyumba, akaendelea na safari kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Nikaudhika, Maman Yusufu. Nakuambia wewe kwa sababu unanijua. Nikasema, haya, binti anataka nyumba yake iwe nyumba yake, ni haki yake. Nikasema hivyo nikiwa natwanga pilipili, na hazikubaki pilipili.

Kisha nikachungulia tunduni nikaona lundo la mchanga. Na mifuko ya simenti, imefunikwa na turubai. Mwanao ni fundi wa kujenga, na wewe miaka yote ulimkataza kugusa yale matofali mawili. Nikajua. Wanaziba tundu. Nikakaa chini pale pale uani nikalia kwa sauti, na Papa Noela akatoka akidhani kuna aliyekufa. Nikamwonyesha mchanga. Akakaa karibu yangu. Alisema neno moja tu la uchungu, "Yewe."

Ijumaa hii iliyopita niliwahi kurudi. Nilikuwa uani tena, ingawa nilikuwa nimejiapia sitakaa tena pale. Kupitia tunduni ikaja harufu ya nyanya, vitunguu, na sambaza. Sambaza, siku ya Ijumaa! Na sauti ya Yusufu, chini chini: "Jana chumvi ilizidi, juzi haikuwepo. Mimi sisemi kitu, mke wangu. Nakula tu." Na Mariamu akajibu karibu kulia, "Mimi nitajuaje? Nimefunga!"

Maman Yusufu, nilisimama. Sikufikiri. Nikaweka kinywa tunduni nikapiga kelele kama wewe:

"Mariamu! Ulimi uko hapa! Umekaa bure tangu mwezi uandame!"

Kitu kikaanguka, nadhani kifuniko. Halafu nyayo zikaja mbio. Mkono ukatokea tunduni, mwembamba, na hina, na kijiko, na nusu ya mchuzi umemwagika njiani.

"Maman, nisamehe," anasema huku analia na kucheka. "Yusufu aliniambia niite. Aliniambia na maneno yenyewe. Lakini mimi nitamwambiaje mama mkubwa kama wewe 'leta ulimi'? Kwetu si ni tusi?"

Kumbe! Heshima ndiyo iliyokuwa imefunga mdomo wa mtoto wa watu! Alikuwa anakuja ukutani kila alasiri, anasimama na kijiko, anatafuta njia ya adabu ya kuniita, mpaka mchuzi unapoa. Na mimi upande huu nimekaza shingo na karoti. Ukuta wa tofali moja katikati yetu, kila mmoja anamngoja mwenzake.

"Na mchanga?" nikauliza. "Munaziba?"

Yusufu akaja akainama tunduni, nikaona jicho lake, jicho lako lilelile. "Kuziba? Maman angenitokea na mwiko! Mchanga ni wa mbele ya nyumba. Mvua inalowesha mkeka kila mwaka, nilitaka kumwaga sakafu na kuweka kibaraza, watu wakae pakavu. Imekauka leo asubuhi. Nilikuwa nakuja kuwaita."

Tangu niudhike nilikuwa napitia njia ya nyuma kwa hasira, nisiuone mlango wako. Ningepita mbele hata mara moja ningeona sakafu. Ukicheka huko uliko, cheka tu, unayo haki.

Nikaonja, Maman Yusufu. Sambaza zako zilezile.

"Iko sawa?" Mariamu akauliza.

Mtoto ameshalia vya kutosha, nikasema moyoni, nimpe moyo. "Iko sawa, mwanangu."

Mkono haukuondoka tunduni. Ukatulia pale, na kijiko. Halafu, kwa ile sauti yake ya kifaranga, "Ukweli wa Mungu?"

Sijui kama Yusufu ndiye aliyemfundisha. Sikuuliza, na sitauliza. Nilisema, "Ongeza kidogo, mwanangu. Kidogo tu." Akaongeza, akarudi, nikaonja tena.

Jioni hiyo mkeka ulikaa kwenye simenti mpya. Papa Noela alibeba mabenchi ya parokia kichwani akiimba, na Mzee Silvestri alifika kabla hata hajaitwa, amevaa koti la Pasaka. Dorika alikuja na viazi vimefunikwa. Walikuja wachuuzi wa Bukavu, wakaja wa moto, na adhana ilipokaribia Mariamu alitoka mlangoni, akafunga kitenge vizuri, akavuta pumzi, akamwita kijana aliyekuwa anapita barabarani na baiskeli. Aliita kwa sauti ndogo, na yule akapita. Akaita tena. Safari hii hata watu wa stendi walisikia.

"Weye wa baiskeli! Simama!"

Akasimama. Akakaa karibu yangu, akala, akashiba, sijui jina lake mpaka leo.

Basi lala kwa amani, jirani yangu, wala usiamke kuja kuangalia sufuria. Chumvi ilitosha. Ukweli wa Mungu.

Ni mimi, ulimi wako wa upande wa pili wa ukuta,

Maman Noela